Nani kaona? Jibu kwa dada aliyefowadi vois ya chanjo kwenye grupu la ukoo

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Niko Morogoro, ni fundi cherehani. Mwezi uliopita kwenye grupu letu la vikoba iliingia vois, daktari anasema chanjo wanayochoma wasichana mashuleni inaua kizazi. Nikaitupa kwenye grupu la ukoo. Wifi yangu yuko Kilosa ana binti wa miaka 10, siku ya chanjo akamficha mtoto nyumbani. Juzi nesi wa zahanati kaniambia ile vois ni ya uongo. Nimeumia sana. Naomba unifundishe, nitajuaje kitu ni cha kweli kabla sijatuma? Sina kompyuta, nina simu tu na bando la kuungaunga."

Marahaba dada yangu. Asante kwa kunitumia na yenyewe ile vois, maana bila kuisikia ningekuwa nakujibu hewani. Nimeisikiliza mara nne, ya kwanza nikiwa kwenye daladala na hizo nyingine tatu nimekaa chini na karatasi na kalamu, na nataka nikupitishe humo humo ndani yake kwa sababu karibu kila kitu unachohitaji kimo mle.

Ila kwanza hili. Wewe hukutuma kwa ubaya. Ulisikia mabinti wanadhurika, ukawafikiria wa kwenu, ukatuma. Wanaotengeneza hivi vitu wanalijua hilo vizuri sana, ndo maana hawaanzi na ushahidi, wanaanza na mtoto wako. Kwa hiyo sitakwambia uwe na roho ngumu, nitakuomba tu hiyo huruma uipe dakika tano kabla kidole hakijabonyeza.

Mimi kazi ya kuhakiki habari nimeifanya miaka mingi na swali ninaloanza nalo ni moja tu. Nani kaona? Sio nani kasema, sio nani kanitumia, nani kaona kwa macho yake. Na hili swali nililipata kwa uchungu. Nilipokuwa naanza utangazaji kwenye redio moja ya mkoani, jioni moja nikaletewa habari kwamba mzee mmoja aliyekuwa anajulikana mji mzima, mchezaji mpira wa zamani, kafariki. Nikasema siwezi kuisoma kwa mdomo wa mtu mmoja, nikamtafuta wa pili akasema ni kweli, nikamtafuta wa tatu naye akasema ni kweli, nikaona nimekamilisha kazi, nikaisoma kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Haikupita robo saa simu ya studio ikalia, ni binti yake, analia, baba yuko hapa mezani anakula, mama yuko safarini kasikia redioni kwenye basi kazimia. Mhariri wangu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hao watu wako watatu, nani kati yao kauona mwili?" Hakuna. "Sasa walisikia kwa nani?" Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja, kumbe wote watatu walisikia kwa kijana mmoja yule yule wa bodaboda, na yeye alichokiona ni watu wengi na viti nje ya nyumba ya mzee, akahitimisha msiba. Kilikuwa kikao cha harusi.

Watu watatu, mdomo mmoja. Dada, haya maneno yabebe, kwa sababu kwenye simu ndo yanatokea kila siku. Unapokea kitu kwenye grupu la vikoba, jioni unakikuta kwenye grupu la wazazi, kesho yake shemeji anakuletea inboksi, unasema jamani si kila mtu anasema? Hapana, ni faili moja linazunguka. Na akili zetu zina udhaifu hapo. Tangu 1977 watafiti wa Marekani, Lynn Hasher na wenzake, walionyesha kwamba sentensi mtu akishaisikia mara kadhaa anaanza kuiona ya kweli zaidi, hata kama hakuna ushahidi wowote ulioongezeka, ni kule kuizoea tu. Kwa hiyo kitu kikikujia mara tano usikihesabu mashahidi watano. Uliza kilianzia wapi.

Na kuna lingine la magrupu ya ukoo, hili nalisema kwa heshima. Sisi tunaamini kwa kumwangalia aliyetuma. Shangazi hawezi kunidanganya, na kweli hawezi, shangazi ni mtu mwaminifu, lakini shangazi hakuona, yeye kapokea kama wewe ulivyopokea. Uaminifu wake wa miaka arobaini unahamia kwenye maneno ya mtu asiyemjua. Na wewe ulipoitupa ile vois kwenye grupu la ukoo, wifi yako hakumwamini yule daktari, alikuamini wewe.

Haya sasa tuingie kwenye vois yenyewe.

Inaanza, "Mimi ni daktari bingwa wa hospitali kubwa hapa Dar es Salaam." Simamisha hapo hapo. Bingwa wa nini? Hospitali ipi? Jina lako nani? Mtu anaweza kuficha jina kwa sababu ya msingi, wapo wanaohofia kazi zao, sikatai, lakini akishajificha yeye basi ni lazima apatikane shahidi mwingine anayejulikana, vinginevyo umebaki na sauti tu, na sauti ya kiume yenye utulivu kila mtu anaweza kuwa nayo. Halafu anasema "leo asubuhi nimepokea mabinti sita". Leo ya lini? Faili halina tarehe. Wewe uliipata mwezi uliopita, huyo aliyekutumia hajui aliipata kwa nani, hiyo "leo" inaweza kuwa ya miaka mitano nyuma, na ndo raha yake, vois isiyo na tarehe haichachi, kila mwaka ni mpya.

Sasa sikiliza kwenye dakika ya kwanza na sekunde kama 20. Anasema, "wanawachukua wasichana wa gredi ya nne katika kila kaunti." Dada, hapa mimi nilisimamisha nikarudisha nyuma mara mbili. Gredi ya nne? Kaunti? Daktari wa Dar gani huyo anayesema kaunti? Sisi tuna darasa la nne, tuna wilaya, tuna halmashauri. Kaunti na gredi ni Kenya. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwa maneno juu ya vois "Daktari wa Dar aonya" ama hakuisikiliza ama alijua na akaamua kuivisha kanzu ya kwetu. Hicho ni kitu ambacho wewe ungeweza kukigundua bila bando hata la senti moja, kwa masikio yako, kama ungesikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Wengi tunasikiliza sekunde 30 za mwanzo, moyo unadunda, tunatuma.

Mbele kidogo anasema watoto wanachomwa sindano tatu. Hapo tena. Kwetu Tanzania chanjo hii ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikabadilishwa ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, baada ya Shirika la Afya Duniani kukubali mwishoni mwa 2022 kwamba dozi moja inatosha kwa umri huo. Hata huko Kenya walianza 2019 kwa dozi mbili, wasichana wa miaka 10. Hizo tatu za kwenye mpango wa mashuleni kazitoa wapi? Mtu anayechomwa roho na jambo la mabinti na ni daktari bingwa asingekosea idadi ya sindano.

Mwisho anamaliza, "tuma kwa kila mwenye binti, usikae nayo." Ujumbe unaokuhimiza uutume ndo wa kuukalia. Nesi wa kweli akiwa na jambo la hatari anakwambia nini cha kufanya, mlete mtoto, angalia dalili hii, nenda pale, hakwambii ukamtangazie.

Kuhusu hilo la kuua kizazi, ili uwe na jibu la kumpa wifi. Chanjo hizi zilianza kutumika duniani 2006. Kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipozipitia 2017 zilikuwa zimeshasambazwa dozi zaidi ya milioni 270, wakasema ni salama sana, na hakuna ushahidi kwamba zinasababisha ugumba. Kinachoua wanawake wetu ni saratani yenyewe ya mlango wa kizazi, ndo inayoongoza kwa saratani za wanawake hapa nchini. Na kama unadhani tetesi ni maneno tu yanapita, angalia Japani. Mwaka 2013 zilisambaa video na habari za mabinti wanaosemekana wamedhurika na chanjo hii, serikali ikaacha kuihimiza, waliokuwa wanachanjwa walikuwa karibu asilimia 70 wakashuka mpaka chini ya asilimia 1. Wamekuja kurudi kuihimiza Aprili 2022. Miaka karibu tisa ya mabinti, na saratani hii haionekani kesho, inakuja miaka ishirini mbele.

Sasa kwa simu tu na bando la kuungaunga, ufanyeje.

Kabla ya chochote angalia vile vimshale juu ya ujumbe kwenye WhatsApp. Kimshale kimoja maana yake umefowadiwa, aliyekutumia hakuuandika yeye. Vimshale viwili vimeungana maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi. Hapo sio kwamba ni uongo, hapana, hata tangazo la kweli la msiba linaweza kuwa na mishale miwili, maana yake tu ni kwamba mwenye maneno yuko mbali na wewe sana. WhatsApp wenyewe tangu Aprili 2020 ukitaka kufowadi ya mishale miwili wanakuruhusu chati moja tu kwa wakati, wakasema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Sasa kuna mtu anazunguka hicho kikwazo, anaidownlodi vois halafu anaiposti upya kama yake, mishale inapotea. Kwa hiyo usipoiona mishale usitulie.

Halafu piga simu. Nakwambia ukweli, kwa mambo ya afya simu ya dakika moja ina nguvu kuliko masaa mawili ya kusachi. Wewe una nesi wa zahanati unayemjua kwa sura, yule ndo shahidi wako, anachoma hizo sindano kwa mkono wake, anajua waliochomwa mwaka juzi wako wapi leo. Usipompata piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, haitaki bando wala salio. Habari ya shule mpigie mwalimu. Ya mtaa mpigie mjumbe au mtu anayeuza duka pale pale. Ukisikia daraja limekatika, tafuta mtu anayeishi karibu na daraja. Wewe ni fundi cherehani, wateja wako wanatoka kila kona, una mashahidi wengi kuliko unavyodhani.

Ukiwa na bando kidogo, toka nje ya ujumbe. Hii naisisitiza kwa sababu watu wanafanya kinyume, wanabaki humo humo ndani wanachunguza, mbona ina nembo, mbona imeandikwa vizuri, mbona ina mhuri. Kuna utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa chuo cha Stanford, waliwapa kurasa za mtandaoni watu wa aina tatu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, maprofesa 10 wa historia na wahakiki habari 10. Wanafunzi na baadhi ya maprofesa walibaki kwenye ukurasa wanausoma juu mpaka chini, wakadanganyika na nembo nzuri. Wahakiki waliutazama kidogo wakauacha, wakafungua kurasa nyingine kuuliza hawa ni nani na wengine wanasemaje kuhusu wao, wakamaliza mapema na wakapatia. Kwa hiyo usiusome mhuri. Andika maneno mawili matatu ya ile habari kwenye Google ongeza neno "uongo" au "ukweli", uone kama kuna mtu ameshaifanyia kazi. Kwa Kiswahili wapo JamiiCheck, wapo Nukta Fakti, wapo PesaCheck, mara nyingi kitu unachokiona leo wao walishakijibu zamani kikiwa na jina la mkoa mwingine.

Picha na video nazo zina njia yake na sio ngumu. Video usiihangaikie yote, isimamishe sehemu inayoonekana vizuri, piga skrinshoti, fungua Google, bonyeza kile kialama cha kamera, ni Google Lens, chagua hiyo skrinshoti. Itakuletea picha zinazofanana, wewe tafuta ya zamani kuliko zote. Bando linalotumika ni dogo. Ila isipoleta kitu usiseme basi ni mpya, inawezekana tu hakuna aliyeiposti sehemu inayoonekana.

Na kabla hata ya Lens tumia macho. Niliwahi kuletewa video ya mafuriko usiku, maji yanabeba gari, juu imeandikwa Kigoma, jana. Watu walishaanza kupigia ndugu simu. Nikaitazama barabara. Magari yalikuwa yanapita upande wa kulia. Sisi na Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, lakini Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo ile haikuwa Kigoma, ilikuwa upande wa pili kule. Angalia upande wa barabara lakini, usiangalie usukani, maana Bujumbura utakuta magari mengi tu ya usukani wa kulia kama yetu. Lens ikanionyesha ile ile imepostiwa miaka miwili nyuma. Namba za magari pia zinasema, za kwetu zinaanza na T na tarakimu tatu, pikipiki MC, za Kenya zinaanza na K, mbele nyeupe nyuma njano. Sare za askari, mabango ya maduka, lugha wanayopiga kelele watu nyuma ya kamera, yote hayo ni mashahidi na hayadai bando.

Habari za ajali na vifo hapa nakuomba kitu kimoja, subiri. Siku ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, 6 Novemba 2022, asubuhi viongozi wenyewe walisema waliookolewa ni 26, mwisho wa siku ikawa walionusurika ni 24 na waliofariki 19, katika watu 43. Hakuna aliyekuwa anadanganya, ni kwamba hali ilikuwa bado inahesabika. Sasa mtu aliyepiga skrinshoti ya asubuhi akaituma kesho yake, alituma kitu kilichokuwa taarifa halali na tayari kimeshakuwa sio. Ndo maana tarehe haitoshi, kwenye ajali weka mpaka saa, na majina ya marehemu usiyaguse kabisa mpaka familia iwe imejua, mimi lile la mama aliyezimia kwenye basi sijalisahau.

Linki za ajira na mikopo na bando za bure nitapita haraka. Tovuti za serikali yetu zinaishia na .go.tz, na neno kuu ni zinaishia. Ukiona ajira-go-tz halafu mwisho kuna nukta com au nukta kitu kingine, hiyo sio. Kabla ya mkwaju wa kwanza (alama hii /), ukiacha ile miwili ya mwanzoni kwenye https://, mwisho kabisa, ndo pa kuangalia. Sekretarieti ya Ajira inatangaza kwenye tovuti yake na haidai hela ya fomu. Anayekudai elfu ishirini ya usaili ni mwizi, na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, hiyo ndo sehemu pekee ya kuzifowadi.

Sauti na video za kutengenezwa na akili bandia utaniuliza pia. Usijipe kazi ya kusikiliza kama sauti ina mkwaruzo au midomo haiendani, zinazidi kuwa nzuri na sikio halitoshi. Rudi pale pale. Kiongozi mkubwa akitangaza jambo kubwa kuna watu walikuwepo, kuna sehemu alisimama, kuna vyombo vilirekodi, TBC wangekuwa nayo ndefu. Kama ipo vois ya sekunde 40 tu na haipo kokote kwingine, hakuna aliyeona.

Sasa wapo watakaokujibu kwenye grupu, "lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nimeishi na hiyo methali kazini na naipinga inapotumika hivyo. Wahenga waliisema kwenye kijiji ambacho msemaji unamjua, unaijua nyumba yake, unaweza kwenda jioni kumuuliza umeona wapi. Leo lisemwalo halina nyumba. Kuna utafiti uliotoka 2018 wa watu wa MIT, Vosoughi, Roy na Aral, walipitia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakakuta habari ya kweli ilichukua muda kama mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500 kuliko ya uongo. Na waliokuwa wanaisambaza ile ya uongo kwa kasi sio mashine, ni watu, kwa sababu ya uongo ni ya ajabu na inatushtua. Kwa hiyo kitu kikishakushtua, hasira au hofu au furaha ya ghafla, chukulia hiyo ni kengele ya kukwambia simama.

Lililobaki ni la kurekebisha, na hili ndo naona hukuliuliza ila ndo linalokuuma. Kufuta peke yake hakusaidii, kwanza WhatsApp wanakupa siku mbili na kidogo tu za kufuta kwa wote, mwezi umeshapita, na hata ungefuta walioisikia wameshaisikia. Rudi kwenye grupu lile lile. Usiipandishe tena ile vois hata kwa nia ya kuikanusha, utaipa safari mpya. Anza na ukweli, halafu kosa lako, halafu pa kwenda. Andika kwa maneno yako, mfano:

"Ndugu zangu, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni salama, ni sindano moja, kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Ile vois niliyowatumia mwezi uliopita nimeifuatilia, nimemuuliza nesi wetu wa zahanati, sio ya kweli na aliyesema hajulikani. Nilikosea kuituma, naomba mnisamehe. Kama ulimtumia mtu, tafadhali mwambie na yeye. Mwenye swali aende zahanati au apige 199, ni bure."

Ukiweza irekodi kama vois pia, maana kina bibi hawasomi meseji ndefu, na kilichoingia kwa sauti kitoke kwa sauti. Halafu hiyo hiyo ipeleke kwenye grupu la vikoba ulikoitoa. Hapo wanawake wengi wana mabinti.

Baba wadogo na wajomba wanaotuma vitu kila asubuhi usiwasahihishe mbele ya grupu, utakuwa umemvunjia mtu mzima heshima na hatakusikia tena. Nenda inboksi. "Shikamoo baba mdogo, ile uliyotuma asubuhi umeipata kwa nani? Nataka nimuulize vizuri." Hujamwambia ni mwongo. Umemuuliza nani kaona, kwa adabu, na mara nyingi akienda kumuuliza aliyemtumia, na yule akaenda kumuuliza wake, wanakwama mahali, na anarudi mwenyewe kuifuta. Nimeona hilo likitokea kwa wazee wakali kabisa. Kuuliza si ujinga, na mzee anapenda kuulizwa kuliko kufundishwa.

Na wifi. Huyo usimwandikie, mpigie, leo jioni akishamaliza kazi. Mwambie ulikosea wewe, usimlaumu yeye kwa kumficha mtoto, alifanya alichoona ni kumlinda. Binti ana miaka 10, mpaka 14 bado yumo, hajachelewa, chanjo sio ya siku moja ya shuleni tu, waende kituo cha afya kilicho karibu nao hapo Kilosa waulize inatolewa siku gani, wabebe na kadi yake ya kliniki kama ipo. Kama wifi bado ana wasiwasi, na anaweza kuwa nao, mwunganishe na yule nesi wako wazungumze wao wawili, wewe kaa kimya usikilize. Wakishaenda niandikie.